Gonga Moja, Rudia

Kwa Mama Jepkemboi,
Lokesheni, Eldoret.
Jumapili, 17 Machi 1957.

Mpendwa kaka Wepukhulu,

Pokea salamu za mvua ya kwanza, maana tangu Alhamisi inanyesha kweli kweli na leo lokesheni yote inanuka udongo mpya. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na yule mdogo wenu, kifua chake kimeachana naye au bado anakohoa na ile baridi ya milimani kwenu? Tunamtaja katika sala kila jioni, kwa hiyo kama amepona nasi tujulishwe tushukuru.

Sisi huku ni wazima. Mimi sina neno. Kavetsa binti yangu ameota meno na anayajaribu kwa kila kitu, hata kiatu cha baba yake. Mama naye mzima, mguu unamsumbua asubuhi za baridi, lakini mdomo haujambo kabisa.

Barua yako ya Krismasi ilifika pamoja na picha uliyopigwa mbele ya mgodi umevaa kofia ya chuma. Mama ameitundika juu ya kitanda chake. Anasema umekonda. Mimi naona umenenepa mashavu, lakini nani atabishana na mwalimu.

Uliniuliza mambo mawili katika barua ile: kama ni kweli Mama amehamia kwa mkwe wake, na mtihani wa mume wangu Murunga uliishaje. Nimechelewa kujibu kwa sababu la pili halikuwa na jibu mpaka Alhamisi iliyopita. Sasa linalo. Lakini sitakuambia upesi hivyo, kaka. Kaa chini kwanza, mwambie wifi akumiminie chai, kwa sababu jibu bila hadithi yake ni ugali bila mboga.

Nianze na hilo la kwanza. Si kweli. Mama aliposikia kwamba watu wa nyumbani wanasema hivyo, nusura apande basi akawajibu mmoja mmoja. Ukweli ni huu. Shule ya kanisa hapa lokesheni ilimwomba aje kufundisha wasichana, naye akakubali, kwa kuwa tangu Baba atutoke nyumba ya kule imekuwa kubwa kwake. Alipofika, vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Kilichobaki wazi kilikuwa kimoja tu, na hicho kimoja kinapakana na chetu.

Unazijua nyumba za huku. Ni mstari mrefu wa vyumba chini ya bati moja, na ukuta kati ya chumba na chumba ni mabanzi, zile mbao za pembeni zinazotupwa na viwanda vya mbao vya Kaptagat, bado zina magome yake. Mama alisimama uani na sanduku lake akatazama lile bati kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe alale chini ya bati moja na mkwe wake? Mama Jepkemboi, mwenye nyumba wetu, alikuwa amesimama na ufunguo mkononi anangoja, na mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo. Mwishowe Mama akakata kesi mwenyewe. Akasema: "Bati ni la mwenye nyumba. Mlango ni wangu. Na ukuta ni ukuta." Akaingia.

Basi tangu siku ile tukaanza kuishi maisha ya kuchungulia. Murunga hatoki mpaka mimi nitangulie nitazame kama Mama yuko uani. Mama hapiti mlangoni kwetu bila kukohoa. Wasipoonana uso kwa uso, heshima imekaa mahali pake na kila mtu ana amani. Siku moja nilimkuta mume wangu amesimama nyuma ya shuka yangu niliyoanika, kimya kama mlingoti, anangoja Mama amalize kunawa miguu kwenye bomba. Miguu tu ndiyo iliyoonekana chini ya shuka. Mama aliiona miguu ile, najua aliiona, kwa sababu siku hiyo alinawa kwa upole ambao sijawahi kuuona.

Sasa mtihani. Unakumbuka mwaka juzi Murunga alifanya ule wa kumaliza high school, wa Cambridge. Hesabu alipita, jiografia alipita, Biblia alipita vizuri sana. Kiingereza akaanguka. Na sheria yao haina huruma: ukianguka Kiingereza umeanguka yote, hawakupi hata karatasi ya kufungia njugu. Akaendelea kufundisha kule shuleni kwake kwa ruhusa tu, bila cheti. Kisha mwaka jana mkuu wa shule akamwita, akamwambia kwa upole kwamba ofisi ya elimu haiwataki tena walimu wa namna hiyo. Angeruhusiwa kurudia mtihani mara moja. Akipita, angepelekwa chuo cha ualimu na nafasi yake ingemngoja. Akianguka, ajitafutie kazi nyingine, na kazi nyingine hapa Eldoret ni kubandua magome ya miti ya miwati kwa Makaburu au kupanga magunia ya mahindi.

Si kwamba kazi ya mikono ina aibu. Baba yetu aliifanya na tukala. Lakini mimi namjua mume wangu. Kumtoa Murunga darasani ni kama kumwondolea ng'ombe ndama wake: atasimama, atakula majani, ila maziwa hakuna. Nilikuwa na hofu, kaka, sitaficha.

Kila jioni, wakati mimi napika, alikuwa anaketi kusoma kwa sauti. Vitabu vyake vya shule alikuwa amevisoma mpaka vimechoka, kwa hiyo alisoma magazeti ya wazungu. Kipyego, yule askari anayelinda geti la shamba moja kwenye barabara yake ya kwenda shule, alikuwa anamwekea ya zamani. Yote yanahusu matrekta, maonyesho ya mbwa na magonjwa ya ng'ombe. Kwa hiyo Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha kwato na viwele. Na alisoma mbio, anameza miisho ya maneno, kama mtu anayekimbia mvua.

Jioni moja alikuwa katikati ya habari ya josho la kupe, nikasikia sufuria ya Mama upande wa pili imenyamaza. Kisha: ko.

Murunga akasimama. Akafikiri ni panya. Akaendelea. Ko.

Kaka, nywele zilinisimama, kwa maana sauti ile naijua na wewe unaijua. Ni mwiko wa Mama. Ndio ule uliokuwa unagonga meza asubuhi tukimsomea Zaburi kabla ya kupewa uji. Gonga moja, rudia. Gonga mbili, pumzika, hapo pana nukta. Gonga tatu, tusiseme habari zake, hata Baba alikuwa anachukua kofia na kutoka.

Murunga akaninong'oneza, "Mama anataka nini?"

"Anataka urudie."

"Nani amemwambia nasoma vibaya?"

"Wewe mwenyewe, na kwa sauti."

Akarudia. Pole pole sasa, jasho linamtoka. Alipofika mwisho wa habari ya josho, upande wa pili sufuria ikaanza tena kulia, na tukajua amepita. Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyekubali.

Baadaye yakapata utaratibu. Murunga akaweka kigoda chake karibu na ukuta, mgongo kwenye mabanzi na uso mlangoni, kwa sababu mabanzi yana nyufa na hakutaka jicho lake lipotee likamwona mkwe wake akiwa amevua kitambaa cha kichwa. Mama alikaa upande wake na mwiko. Insha zake Murunga alizipenyeza kwenye ufa mpana ulio chini, pale gome lilipobanduka, na zilirudi asubuhi kwa njia ile ile zikiwa zimejaa wino mwekundu kama kuku amechinjiwa juu yake. Nilimwonea huruma wiki za kwanza. Alikuwa anazisoma mara mbili, kisha anazikunja vizuri na kusema, "Lakini ana haki."

Maneno mapya nayo yalitoka ufani humo, kila siku kikaratasi. Murunga alikifunga kwenye usukani wa baiskeli akawa anayasema njia nzima, kwa nguvu, ili yaingie. Kipyego wa getini akamsikia. Yeye Kiingereza hajui, basi siku moja alipokuja kununua tumbaku hapa akamwambia Mama Jepkemboi: "Hiyo mwalimu yenu ni mtu ya Mungu kabisa. Asubuhi anaomba juu ya baiskeli mpaka ng'ombe ya mzungu inasimama kusikiza." Habari zikafika kanisani. Wazee wakamwomba Murunga aongoze maombi Jumapili. Akaongoza kama mtu wa kawaida tu, kwa Kiswahili, mafupi, na watu wakatoka wakisema huyu moto wake ameumaliza njiani.

Na mimi katikati. Unajua Mama hawezi kumtaja mkwe wake kwa jina wala kumsemesha moja kwa moja. Na insha zina mambo ambayo mwiko hauwezi kueleza. Basi Mama akamtumia Kavetsa. Nilikuwa namlaza mtoto karibu na ukuta, na sauti inatoka: "Kavetsa, mwambie baba yako asome kama mtu aliyeketi, si kama mtu anayekimbizwa." Mtoto anapuliza mate. Murunga anajibu: "Kavetsa, mwambie nyanya yako nimesikia." Kukiwa na jambo zito zaidi, nililibeba mimi, natoka mlango huu na kuingia ule na mwiko wangu mkononi, kama karani wa korti. Mama Jepkemboi akaniita pembeni. "Nasambu, kwani bwana yako iko na kesi na huyo mama? Kila jioni nasikia ukuta inagongwa." Nikamwambia wanasoma. Akautazama ukuta wetu, akaenda zake.

Kisha Mama akatoa sheria nyingine, kupitia kwa Kavetsa: tangu saa kumi mpaka kulala, chumbani mwetu Kiingereza tu. Mume na mke. Siku ya kwanza tulikula mboga isiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa upande wangu na hakuna aliyekuwa tayari kuanza. Siku ya pili Murunga akaiomba, kwa sentensi ndefu yenye adabu kiasi kwamba nilimpa na sukari pia. Nikaanza kujibu. Nilicheka sana miezi ile, kaka. Sijui kama umewahi kugombana na wifi kwa lugha ambayo kila tusi lazima ulitafute kwanza. Ugomvi unapoa wenyewe.

Mtihani wa kuandika ulikuja, akaufanya, akatoka na uso mzuri. Uliobaki ulikuwa wa mdomo: kusoma mbele ya mtahini na kuzungumza naye. Ulifanyiwa katika shule ya misheni upande wa Kapsabet, na Murunga aliondoka alfajiri suti yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kupitia ukuta Mama alisema, "Kavetsa, mwambie baba yako Mungu amtangulie." Hakuongeza neno la masomo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nitakueleza kama alivyonieleza, ameketi kitandani ameshika kichwa.

Mtahini alikuwa bibi wa Kizungu, mtu mzima, kichwa chake cheupe kama pamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Umri wa Mama au kumzidi kidogo. Murunga akasalimia vizuri. Akapewa kitabu, akaonyeshwa kiti kilicho mbele ya meza yake. Mume wangu akakishika kiti kile, akakigeuza, akaketi na mgongo kwa yule bibi, uso mlangoni. Akaanza kusoma.

Anasema hakujua amefanya hivyo. Mwili ulifanya wenyewe. Mwalimu wake ni mama mtu mzima, yuko nyuma, na yeye anasoma. Ndivyo Kiingereza kinavyosomwa. Na alisoma, anasema, kama hajawahi kusoma. Habari yenyewe ilikuwa ya meli iliyopotea baharini, naye bahari hajaiona, lakini kila nukta alipumzika na kila neno alilimaliza. Alipofika mwisho akangoja. Hakuna gonga. Akangoja zaidi. Ndipo akaona kwamba kilicho mbele yake si jiko langu bali ni ramani ya Afrika iliyotundikwa kando ya mlango, na akakumbuka yuko wapi.

Yule bibi akamuuliza, pole pole, kwa nini amempa mgongo.

Na kaka, ungefanya nini? Murunga akageuza kiti, akainamisha macho, akaeleza. Akaeleza desturi, akaeleza bati moja na milango miwili, akaeleza mabanzi, mwiko, Kavetsa. Bibi anauliza, yeye anajibu. Mwisho akaulizwa jina la huyo mwalimu hodari. Murunga akasema hawezi kulisema. Bibi akasema, mwalimu wako wa mwaka mzima, na hulijui jina lake? Akajibu kwamba analijua sana, lakini halipaswi kuingia kinywani mwake. Yule bibi akavaa miwani, akaandika, akaandika, akaandika tena, akamwambia aende.

"Nimeanguka," Murunga akaniambia. "Nimempa mzee mgongo, halafu nimekataa kujibu. Nani atampa cheti mtu kama huyo?"

Kuta za mabanzi hazina siri. Upande wa pili tukasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Mama Jepkemboi akaja mbio kuuliza nani ameumia. Nami nikacheka, na Murunga mwenyewe akaanza kucheka huku ameshika kichwa vile vile.

Lakini kesho yake nilimkuta Mama kwenye bomba, ndoo imejaa inamwagika na yeye haioni. Akaniambia, "Nasambu, kama kijana yule ameanguka, ni mimi niliyemwangusha. Nimemfundisha kusoma na mbao. Mwalimu gani anamfundisha mtu kuupa mtihani mgongo?" Nikamwambia amefundisha vizuri. Hakunisikia.

Na tangu siku ile ukuta ukanyamaza. Krismasi ikapita, Januari ikapita, hakuna gonga. Mkuu wa shule alimwacha Murunga aendelee kufundisha mpaka majibu yatoke, na kila jioni alirudi, akaketi kwenye kigoda chake na mgongo kwenye mabanzi, akasoma kwa sauti ingawa mtihani ulikuwa umekwisha. Nilimwuliza anasomea nini sasa. Akasema, "Nimezoea." Haikuwa hivyo. Baada ya siku chache nilisikia anasoma vibaya. Anakimbia, anameza miisho, anaruka nukta kama mwaka juzi. Nilifikiri amechoka. Kisha nikamwona anasimama baada ya kila kosa na kutega sikio. Alikuwa anakosea makusudi, kaka, ili agongewe. Na Mama, ambaye hawezi kuvumilia nukta moja irukwe, alivumilia zote. Nilikuwa nakoroga ugali machozi yananitoka, na nikasingizia moshi.

Haya, sasa ndiyo Alhamisi.

Nilikuwa mlangoni nachambua mboga mvua ikianza kudondoka. Nikamwona Murunga anakuja na baiskeli, hajavaa koti, amelowa, na hapigi kengele wala hasemi neno. Nikasimama. Uso wake haukunipa habari yoyote. Akaegemeza baiskeli, akanipita, mimi mkewe, kama nguzo. Akaenda moja kwa moja kwenye kigoda chake, akaketi na mgongo kwa ukuta, maji yanamchuruzika sakafuni. Akasafisha koo. Akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kila nukta mahali pake, kwamba majibu yametoka, kwamba amepita mtihani, na kwamba Kiingereza amekipita kwa alama za juu.

Nilisikia mvua juu ya bati, lile bati moja la mwenye nyumba. Kisha: ko.

Murunga akashtuka. Akarudia sentensi ile ile, pole pole zaidi.

Ko.

Akarudia tena. Sauti ikaanza kumkatika. Ko. Mimi nikaona sasa huu ni ukatili, mtu amepita mtihani wa Cambridge na bado anagongewa. Nikatupa mboga, nikazunguka mbio kwenye mvua, nikaingia kwa Mama bila kukohoa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda chini ya picha yako, mwiko mkononi, uso wote umelowa kana kwamba na yeye ametoka nje. Nikamwambia, "Mama, amekosea wapi?"

Akasema, "Mwache arudie. Hajakosea."

Basi akarudia. Alirudia mpaka Mama Jepkemboi akaja, na majirani wakaja, na Kavetsa akachukua kijiko chake akaanza kugonga sakafu. Jioni ile tulichinja jogoo. Sahani ya Mama niliipeleka upande wake kama desturi ilivyo, na chumba kwa chumba wakala wakiulizana habari kupitia kwa mtoto aliyekuwa amelala kitambo. Mkuu wa shule amemwambia Murunga kwamba yule bibi mtahini alimpigia simu mwenyewe zamani zile, akasema Kiingereza kirefu kuliko chote alichokisikia siku ile kilikuwa juu ya mama mkwe. Akauliza kama mwalimu wa ukutani ni mzima.

Sasa kaka, kuna jambo, na ndilo limenifanya niandike leo leo baada ya kanisa. Mama ameniita. Amesema anataka kumshika mkono huyo mtu. Amesema hivyo yeye mwenyewe, sikumwekea maneno. Unajua desturi: mkwe alete blanketi na kuku, aketishwe, atambulishwe, kisha anaweza kusalimiana na mama mkwe wake uso kwa uso bila mtu kunung'unika. Blanketi Murunga amekwisha kulichagua, lenye mistari, na anaulinda mfuko wake kama mtoto mchanga. Kuku yupo. Ila Baba hayupo, kwa hiyo anayepaswa kusimama katikati yao na kuunganisha mikono ile ni wewe, mtoto wa kwanza. Bila wewe haiwezekani. Na Mei Murunga anakwenda chuoni, atakaa huko muda mrefu.

Omba likizo, kaka. Waambie wakubwa wa mgodi kwamba ni shughuli ya mama yako, na si uongo. Panda gari la moshi, tutakupokea stesheni na Kavetsa amevaa gauni jipya. Ukija na wifi na watoto, Mama Jepkemboi amesema chumba kitapatikana, chini ya bati lile lile. Nami nitakuonyesha jinsi ninavyoomba chumvi kwa Kiingereza. Murunga akiondoka, kigoda kitakuwa changu. Mama ameshanipenyezea kikaratasi cha kwanza na tayari nimekasirika.

Nisalimie wifi yangu sana, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Wasalimie watu wetu wote wa huko mgodini, hasa Shitanda, umwambie dada yake hapa amejifungua salama mtoto wa kiume. Murunga anakusalimu, Kavetsa anakusalimu kwa mate, Mama Jepkemboi anakusalimu ingawa hakujui. Mungu aliyemfungulia shemeji yako mlango akufungulie na wewe njia, akutoe chini ya ardhi kila jioni ukiwa mzima, akulete kwetu kwa amani.

Njoo Pasaka.

Ni mimi dada yako akupendaye bila kupungua,

Nasambu

Nimeongeza: barua hii nimeisoma yote kwa sauti kabla ya kuifunga, nimeketi kwenye kigoda uso mlangoni. Mama alinyamaza muda wote, hata pale nilipoandika habari za mdomo wake. Nilipofika mwisho kabisa, pale ninapokuambia uje, akagonga mara moja.

Basi narudia. Njoo Pasaka.